Safari ya Kuba na Kidato cha Kwanza Chetu



Tangu niliporudi kutoka Kuba, ambako nilikwenda kusoma udaktari, kila nifikapo hapa Ntobeye naulizwa maswali yale yale. Wazazi huuliza, "Mwanangu, huko mlikula nini?" Wanafunzi huuliza kama ni kweli kwamba huko Kiingereza hakina kazi. Walimu nao huuliza iliwezekanaje mtu aliyefundishwa Biolojia kwa Kiingereza akafanya mtihani wa mifupa na mishipa ya damu kwa Kihispania. Nimeona vema niwajibu wote mara moja, maana gazeti hili husomwa na wazazi, na wanafunzi, na walimu.

Lakini sikukusudia kusimulia safari tu. Msafiri akisimulia mambo ya ng'ambo bila kuonyesha faida yake kwa waliobaki nyumbani, huwa amewapotezea wenzake wakati. Neno langu ni hili: kule Kuba mgeni hupewa muda wa kujifunza lugha kwanza, ndipo adaiwe elimu iliyomo katika lugha hiyo. Hapa kwetu mtoto wa Kidato cha Kwanza hudaiwa lugha na elimu kwa pamoja. Nami naamini kwamba jambo hilo, wala si uzito wa akili zao, ndilo linalowarudisha nyuma watoto wengi wa wilaya yetu.

Nianze na chakula, ili wazazi watulie. Mtu wa Ngara hafi njaa Kuba kwa sababu ya ugeni wa chakula. Wakuba hula wali na maharage meusi, mara nyingi vikipikwa pamoja katika sufuria moja. Hula muhogo uliochemshwa na kutiwa kitunguu saumu. Hula viazi vitamu na magimbi. Na ndizi! Ndizi mbichi huikata vipande wakaikaanga, wakaiponda kidogo hata ikawa bapa, kisha wakaikaanga tena. Mimi niliyekuzwa kwa ndizi na maharage, niliposikia harufu ile niliona kama nimefika kwa jirani. Ugali tuujuao sisi sikuukuta, wala sikufa kwa kuukosa. Kahawa wanaipenda sana, nao huinywa kali, yenye sukari nyingi, katika vikombe vidogo. Sisi wa Kagera tunailima, lakini wengi wetu huiuza tu, kisha tukarudi nyumbani kunywa chai.

Havana, mji wao mkuu, uko kando ya bahari. Ukishuka katika uwanja wa ndege, uliopewa jina la José Martí, mshairi na mpigania uhuru wao aliyeuawa vitani mwaka 1895, kitu cha kwanza kinachokupokea ni joto. Si joto la milima yetu, ambako jioni mtu hutafuta sweta; ni joto zito lenye unyevu, kama la Dar es Salaam mwezi wa Februari. Kitu cha pili ni magari. Barabarani bado yanapita magari ya Kimarekani yaliyotengenezwa katika miaka ya 1950, marefu, yenye rangi za kung'aa, mgeni akadhani kuna harusi. Sababu yake ni kwamba Marekani iliifungia Kuba biashara mwaka 1962, basi mafundi wa Kuba wakayatunza yale yaliyokuwako, wakiyaponya kwa vyuma vya kubuni wenyewe.

Jambo lililonitatiza zaidi mwanzoni lilikuwa heshima. Sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa kwa shikamoo, na mtoto mwenye malezi hampi mzee kitu kwa mkono mmoja. Kule hakuna shikamoo. Mwanafunzi humwita mwalimu wake "profe", yaani amelikata neno la profesa, na mwalimu huona sawa. Mama wa sokoni asiyekujua kabisa hukuita "mi amor", ndiyo kusema "mpenzi wangu", naye hana nia nyingine ila kuuza vitunguu vyake. Watu wakikutana hubusiana shavuni, hata wanafunzi asubuhi mlangoni mwa darasa. Wazazi wasishtuke: ni salamu tu, kama sisi kupeana mkono.

Mgeni wa juma la kwanza huweza kuyaita mambo hayo utovu wa adabu. Lakini adabu wanayo, ila wameiweka mahali pengine. Mfano mmoja ni foleni. Ukifika dukani au kituo cha basi huoni mstari. Unawakuta watu wametawanyika, huyu yuko kivulini, yule amekaa ukingoni mwa barabara. Yakupasa uulize kwa sauti, "¿El último?" yaani, wa mwisho ni nani? Mmoja huinua mkono. Tangu hapo wewe ndiwe wa mwisho, nawe humwangalia yeye tu, mpaka aje mwingine akuulize wewe. Watu wengi huweza kungoja mkate namna hiyo bila kusukumana na bila askari. Niliona ni fundisho jema kwetu sisi tunaopanda mabasi kwa madirishani.

Na foleni ni nyingi kwa kuwa dhiki ipo. Sitaki kuwadanganya vijana wanaodhani kwamba ng'ambo kote ni raha. Tangu mwaka 1962 Wakuba hununua baadhi ya vyakula kwa daftari la mgawo. Mafuta ni haba, dawa ni haba, na umeme hukatika mara kwa mara; mwezi wa Oktoba mwaka 2024 ulizimika nchi nzima. Mwanafunzi hujifunza kusoma kwa mwanga wa tochi, kama baadhi yetu tulivyosoma hapa. Pamoja na hayo, nchi hiyo haikuacha kuheshimu elimu. Mwaka 1961 vijana zaidi ya 100,000 walikwenda mashambani na milimani kuwafundisha watu kusoma, na katika mwaka huo mmoja watu wapatao 700,000 wakajua kusoma na kuandika. Mwaka 1998 tufani zilipoangamiza watu katika nchi jirani zao, Wakuba waliamua kuwafundisha vijana wa nchi maskini wawe madaktari. Mwaka uliofuata wakafungua chuo kikubwa cha udaktari nje kidogo ya Havana, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha wanamaji. Ndiyo sababu nasema tunaweza kujifunza kwao. Hawakutushinda kwa mali.

Sasa nije kwenye lugha, ambayo ndiyo kiini cha maoni yangu.

Siku za kwanza maneno yao yalinipiga masikioni kama mvua juu ya bati. Wakuba husema upesi, tena humeza herufi. S iliyo mwishoni mwa neno huipuliza tu ikapotea, hata mtu aliyejifunza kitabuni hashiki kitu. Saa nayo yataka tafsiri, maana wao wakisema "las dos", yaani mbili, kwetu ni saa nane. Fikirini basi: kijana amefaulu Kidato cha Sita, nyumbani ametolewa kwa sherehe, mbuzi amechinjwa, majirani wamempa baraka. Amefika huko, naye hawezi kuomba maji ya kunywa. Huonyesha kwa kidole kama mtoto mchanga. Anayo akili yake yote na maarifa yake yote, lakini hakuna ajuaye kwamba anayo. Uchungu huo ni mkubwa kuliko njaa na kuliko kuikumbuka nyumbani. Mtu huanza kujiuliza kama kweli yeye ni mwerevu, au walimu wake walimsifu bure.

Hata hivyo, baada ya majuma machache nilitambua kwamba mimi niliyetoka Ntobeye nina akiba ambayo baadhi ya wenzangu hawakuwa nayo. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa na za Kiswahili, basi neno likiandikwa twalisoma bila kuhangaika. Kitenzi chao humchukua mtenda ndani yake: nasema ni "hablo", wasema ni "hablas", asema ni "habla". Tofauti ni kwamba sisi twaiweka alama mwanzoni, na wao mwishoni. Tena sifa hulifuata jina na kufanana nalo. Mtoto mwema ni "niño bueno", watoto wema ni "niños buenos", na akiwa wa kike ni "niña buena". Ni kama sisi tusemavyo kitabu chema na vitabu vyema. Wao wana jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike. Mtoto aliyekwisha zoea ngeli zote za Kiswahili, na kabla yake ngeli za Kihangaza au Kishubi, ataogopaje mbili?

Yako na maneno ambayo ni ndugu. Waarabu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hata mwaka 1492, wakaacha huko maneno mengi kama walivyoyaacha katika pwani yetu. Sukari kwao ni "azúcar". Neno letu "hata" na neno lao "hasta" asili yake ni moja, nayo ni Kiarabu. Meza kwao ni "mesa" na bendera ni "bandera", kwa sababu sisi tuliyapata hayo kwa Wareno, ambao lugha yao ni jirani ya Kihispania. Yako pia maneno ya kuchekesha. "Papa" kule ni kiazi, wala si samaki. "Baba" ni ute unaomtoka mtoto mdomoni. Na kijana wa Kitanzania akimwita mwenzake "kaka" kwa sauti katika wodi, wagonjwa huangua kicheko, maana neno hilo kwao ni la chooni, nami sitalifasiri katika gazeti la shule.

Nimetaja hayo kwa sababu vijana wengi wa hapa huona haya kwa lugha zao za nyumbani. Huzihesabu kama mzigo unaowazuia kujua lugha za watu wakubwa. La, sivyo. Mtoto wa Ntobeye afikapo Kidato cha Kwanza amekwisha safiri safari moja ya lugha: alitoka nyumbani na Kihangaza chake, akakikuta Kiswahili darasani, akakijua mpaka akafanyia mtihani. Mtu aliyekwisha vuka mto mmoja aweza kuvuka wa pili. Kinachotakiwa ni kuonyeshwa kivuko.

Na hicho kivuko ndicho nilichokikuta Kuba. Karibu mwaka mzima wa kwanza haukuwa wa udaktari. Ulikuwa mwaka wa lugha. Mwalimu wetu hakutumia Kiingereza wala lugha nyingine yoyote ya wageni. Aliingia na kikapu chenye kikombe, kijiko, shati na limau, akavitaja kimoja kimoja, nasi tukavitaja. Alisema polepole. Kila asubuhi kila mmoja wetu alisimama akaeleza amekula nini na ameota nini. Tuliandika imla kila siku. Tulisoma kwa sauti, zamu kwa zamu, na mtu akikosea mwalimu alilirudia neno lile sawasawa, akaendelea. Hakumcheka mtu, wala hakuruhusu mtu achekwe. Ilipofika katikati ya mwaka akaanza kutuingizia maneno ya kazi yetu: "hueso" ni mfupa, "sangre" ni damu, "corazón" ni moyo. Tukajifunza jinsi ya kumwuliza mgonjwa maumivu yake yalianza lini, na jinsi ya kumwambia avute pumzi. Basi siku tulipoingia katika somo la kwanza la viungo vya mwili, somo lilikuwa gumu, lakini lilikuwa gumu kwa ugumu wake lenyewe. Kule mitihani mingine hufanywa kwa mdomo mbele ya walimu watatu, na alama huanzia 2, ambayo ni kushindwa, mpaka 5. Vijana wa nchi nyingi, waliofika bila neno moja la Kihispania, walisimama mbele ya walimu hao wakajibu.

Jambo hili la mtu mzima kukubali kuwa mtoto wa lugha si geni upande wetu huu wa nchi. Mwezi wa Aprili mwaka 1965, Che Guevara, Muajentina aliyepigana katika mapinduzi ya Kuba, alipita mkoa jirani wa Kigoma pamoja na kundi la Wakuba, wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Walijipa majina ya siri, wakayachukua katika hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akaitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Huko Kongo Che alipewa kijana wa miaka 16, jina lake Freddy Ilanga, awe mkalimani wake na amfundishe Kiswahili. Yule mpiganaji aliyejulikana dunia nzima akakaa chini kama mwanafunzi mbele ya kijana ambaye umri wake ni wa Kidato cha Tatu. Wakuba walipoondoka mwezi wa Novemba mwaka huo, Ilanga alipelekwa Kuba, na sasa mwalimu akageuka kuwa mwanafunzi. Alijifunza Kihispania, akasoma udaktari, akawa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Alifariki mwaka 2005, baada ya kuishi sehemu kubwa ya maisha yake katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Alilipa kwa kukaa mbali na jamaa zake miaka mingi sana, na hilo nalo wazazi na walikumbuke. Lakini akili yake haikupotea kwa kukosa lugha, kwa kuwa alipewa lugha.

Tena uhusiano wetu na nchi ile ni wa siku nyingi. Salim Ahmed Salim, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu, alifanya kazi katika ofisi ya Zanzibar mjini Havana mwaka 1961 na 1962, akiwa kijana wa miaka kama 20. Mwalimu Nyerere alizuru Kuba mwaka 1974, na Fidel Castro akaja kwetu mwaka 1977. Mwaka 2018 Kenya ilipeleka huko madaktari 50 wakasomee udaktari wa familia, nao, ingawa walikuwa madaktari kamili, iliwapasa kujifunza Kihispania. Na mwezi wa Novemba mwaka 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Kuba, lilifanyika Havana kongamano la Kiswahili, maana wako Wakuba wanaojifunza lugha yetu. Wala si Kuba peke yake wanaoijua njia hii. Watanzania waliokwenda kusoma Urusi na China watawaambia vivyo hivyo: kwanza mwaka wa lugha, kisha masomo.

Sasa nirudi nyumbani. Mtoto wetu amemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili. Hesabu amejifunza kwa Kiswahili, Sayansi amejifunza kwa Kiswahili. Mwezi wa Januari anavaa sare mpya, anaingia Kidato cha Kwanza, na karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Kweli kuna majuma machache ya mafunzo ya kuingilia lugha hiyo mwanzoni, na walimu hufanya wawezavyo. Lakini nauliza, ikiwa kijana aliyefaulu Kidato cha Sita, mtu mzima, mwenye kamusi na mwalimu wa lugha kila siku, hupewa karibu mwaka mzima, majuma hayo yatamtosha mtoto wa miaka 13 au 14? Huyo mtoto hakupanda ndege, lakini amekwenda ng'ambo. Tofauti ni kwamba sisi hatukumwona akiondoka, kwa hiyo hatumpi pole ya safari.

Matokeo yake mnayajua. Mtoto hunakili ubaoni mistari mizuri asiyoielewa. Mwalimu huuliza, "Mmeelewa?" nao hujibu kwa pamoja kwamba wameelewa, maana jibu hilo ndilo Kiingereza cha kwanza walichojifunza. Mwaka wa pili unafika na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, karatasi inarudi na nafasi tupu, na mzazi anaambiwa kwamba mtoto wake hana akili. Wengine hapo hurudi shambani wakiwa na imani kwamba hawakuumbiwa kusoma. Naona hasara hiyo ni kubwa, maana katika hao walioacha karatasi tupu wamo waliojua majibu kwa Kiswahili.

Zipo na shule, nami sizitaji, ambazo mtoto akikutwa anasema Kiswahili hupigwa au huvalishwa kitu cha aibu shingoni. Wenye kufanya hivyo nia yao ni njema, ila njia yao si njema. Aibu haimfundishi mtu kusema, humfundisha kunyamaza. Kule Kuba hatukukatazwa kusema lugha zetu bwenini. Tulijifunza Kihispania kwa sababu darasani tulisemeshwa kila siku na kila kosa lilipata msaada.

Watakuwapo watakaosema, "Muhtasari ni mrefu, mtihani hautungoji, muda wa lugha tutautoa wapi?" Najibu kwamba kozi ya udaktari Kuba ni miaka sita, nayo ni mirefu kuliko muhtasari wowote wa sekondari, lakini wenyewe hawaoni mwaka wa lugha kuwa umepotea. Mwenye kunoa panga hapotezi muda wa kufyeka. Wengine watasema dawa ni kufundisha sekondari yote kwa Kiswahili. Hilo ni shauri kubwa, wako wataalamu wanaolijadili miaka mingi, na mimi silipingi. Lakini mtoto aliyeketi darasani leo hawezi kungoja mwisho wa majadiliano ya wakubwa.

Basi naomba mambo machache, ambayo shule yetu yaweza kuyafanya bila kungoja mtu.

Kwanza, muhula wote wa kwanza wa Kidato cha Kwanza uwe muhula wa lugha katika kila somo. Mwalimu wa Biolojia na mwalimu wa Jiografia nao wawe walimu wa maneno. Ubaoni, kabla ya somo, yaandikwe maneno kumi magumu ya siku hiyo, na maana yake kwa Kiswahili kando yake. Watoto wayatamke kwa sauti, ndipo somo lianze.

Pili, jambo zito lielezwe kwa Kiswahili hata lieleweke, kisha lielezwe tena kwa Kiingereza. Mtu akikijua kitu, kukitafutia jina la pili si kazi kubwa. Taabu ni kutafuta jina la kitu asichokijua.

Tatu, kila mwanafunzi asimame aseme, walau sentensi mbili kila siku, na iwe sheria ya darasa kwamba anayemcheka mwenzake ndiye atakayefuata kusimama.

Kwa wazazi nina neno moja. Kabla ya kumwambia mtoto kwamba amekupotezea ada ya daftari na sare, mwulize somo lile kwa Kiswahili. Ukimkuta analijua, basi mtoto huyo si mjinga, ni msafiri aliyekwama njiani. Mpunguzie kazi za jioni mwaka huo wa kwanza, na ukiweza uza mkungu mmoja wa ndizi umnunulie kamusi.

Nanyi vijana wenzangu, msidhani nimewaandikia haya ili mpate udhuru. Mimi sikumwona hata mmoja Kuba aliyejua Kihispania kwa kulalamika. Waliojua ni wale waliokuwa na kidaftari mfukoni, wakaandika neno kila walipolisikia, wakathubutu kulisema kesho yake kwa mama muuza vitunguu, hata akiwacheka. Wenye kuchagua kunyamaza ili wasionekane wajinga walikawia sana. Kuuliza si ujinga, na kukosea neno si aibu; mtoto mchanga hukosea maneno yote, na bado katika miaka mitatu hujua lugha kuliko mgeni mwenye shahada. Akija mmoja wenu kupata nafasi ya kusoma ng'ambo, kwanza aulize wizarani kama nafasi hiyo ni ya kweli, na aulize Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo chenyewe kinatambuliwa. Lakini lugha ya huko isimtishe. Iwe Kihispania, iwe Kichina, atakuwa amekwisha jifunza hapa hapa Ntobeye jinsi lugha inavyoingia kichwani.

Wakuba walinipa karibu mwaka mzima kwa kuwa waliniona mgeni. Nawaomba walimu na wazazi wamtazame mtoto wa Kidato cha Kwanza kwa jicho hilo hilo, nao wampe walau muhula.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani,
Ntobeye, Ngara.